Bure

Kwa Kiswahili mtu anaweza kukiri mbele ya polisi na akakiri mbele ya madhabahu, na kitenzi ni kilekile. Gazeti linaandika kwamba mshtakiwa alikiri kosa. Mchungaji anasema tusimame tukiri imani yetu. Makanisa yamejaribu kuweka mpaka kwa kusema dhambi tunaziungama na imani tunaikiri, lakini mpaka huo haukukaa, kwa sababu maandishi ya kale ya Walutheri nayo tunayaita maungamo. Ndiyo maana ukimwambia rafiki yako kuwa unasoma Ungamo la Augsburg, atakuuliza huyo Augsburg alifanya nini.

Naishi Pasiansi, Mwanza, upande wa mlimani ambako mawe yamewaachia watu nafasi kidogo ya kujenga. Kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni kwetu nahesabu makanisa 11, ukijumlisha lile la turubai lililohamia kwenye kiwanja kilichokuwa gereji. Ijumaa usiku spika zao zinakutana juu ya paa letu. Sisemi kwa dharau. Wengi wanaokesha mle ni watu ambao nikiugua ndio wa kwanza kuniletea uji. Mimi ni Mlutheri, wa kanisa la kengele na joho na Mwimbieni Bwana iliyochakaa kona, na Jumamosi mchana ninamsaidia mwinjilisti wetu kufundisha kipaimara. Darasa lina watoto 14, wengi wa kidato cha kwanza na cha pili. Kwa kila ninachofundisha, swali lao la kwanza ni kama kitatoka kwenye mtihani.

Mwaka jana, tulipofika kwenye historia ya maungamo, binti mmoja aliuliza swali la maana zaidi. Alitaka kujua kwa nini yeye, Mwanza, asome karatasi ambayo Wajerumani walimsomea mfalme wao karibu miaka 500 iliyopita. Nilimjibu majibu ya darasani: urithi, msingi, utambulisho. Aliandika yote kwenye daftari, jambo lililonionyesha kuwa halikumwingia hata moja. Jibu lenye damu lilikuja nyumbani kwangu wiki hiyohiyo, na aliyelileta alikuwa hatafuti mafundisho. Alikuwa anatafuta laki tatu.

Dada yangu ana miaka minane kwenye ndoa. Mimba tatu zimetoka, ya mwisho ikiwa imefika miezi mitano. Mtaani hakuna anayemuuliza moja kwa moja, wanamwuliza tu, "Bado?" Neno moja, tena la upole. Mwenzake wa kazini akampeleka kwenye maombezi. Huduma yenyewe sitaitaja. Nabii alimweleza kwamba tumbo lake limefungwa, na aliyelifunga ni bibi yetu mzaa mama, ambaye alikwisha kufariki na tukamzika kwao Bukoba. Bibi aliingia agano na mizimu ya ukoo, kasema nabii, na sasa mama ndiye aliyepokea kijiti. Tiba ilikuwa mfungo wa siku 21, kutozungumza na mama kwa siku zote hizo, na sadaka ya kukomboa uzao, shilingi 700,000. Dada alikuwa na laki nne kwenye simu.

Mimi nilikuwa nazo laki tatu. Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa magumu. Asiye na hela anaweza kusema "sina" na maneno yakaishia hapo. Mwenye nazo inambidi aseme anaamini nini.

Nilianza na bibi. Nilimwuliza dada kama anakumbuka zile jioni za likizo, kibatari kikiwa kwenye kigoda na ndizi zikinukia jikoni, na sisi hatupewi sahani mpaka tumepita Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana, pamoja na maelezo yake, kwa Kihaya, bibi akiwa hana kitabu mkononi kwa sababu kusoma hakujua. Alikuwa ameyashika yote kichwani tangu alipoandaliwa kubatizwa. Ile ilikuwa Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Luther aliiandika baada ya kuzungukia sharika za Saxony na kukuta watu wazima, na hata baadhi ya wahubiri wao, hawajui Sala ya Bwana. Hakuikusudia kwa maprofesa. Aliiandika ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake, na mkuu wa nyumba yetu alikuwa bibi. Mafundisho yake juu ya Mungu Muumba yanasema, kwa ufupi, kwamba mwili huu na macho haya na nyumba na shamba na watoto tumepewa na Baba bila kustahili hata kimoja. Mwanamke aliyetulaza na maneno hayo kila usiku ndiye anayesemwa leo kuwa alikuwa anauza kizazi chetu kwa mizimu.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wangu, bibi alijua hayo yote, na mimi watoto wangu watatu wako wapi?"

Sikuwa na jibu la hilo, na bado sina. Nalitaja kwa sababu wako watu wanaotetea maungamo ya kale kana kwamba ni dawa iliyosahauliwa kabatini. Hakuna kifungu cha Augsburg kinachozungumzia tumbo la dada yangu. Vifungu viko 28; 21 vya kwanza vinaeleza kinachoaminiwa, 7 vya mwisho vinaeleza desturi zilizorekebishwa, na kote humo hakuna ahadi ya mtoto, nyumba wala viza. Nilichofanya ni kuchukua fotokopi ya darasani, ikiwa na alama za kalamu za watoto, nikamfungulia kifungu cha 4. Ni kifupi, kinaenea kwenye kiganja. Kinasema mwanadamu hawezi kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa nguvu zake, wala kwa stahili yake, wala kwa matendo yake, bali anahesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa imani.

Dada akacheka. Kilichomchekesha ni lile neno bure.

Na ana haki. Kiswahili hakilitendei neno hilo wema. Bure ni kitu usichokilipia, lakini bure pia ni kitu kisicho na faida: unahangaika bure, amekufa bure, mtu bure kabisa. Mjini ukiambiwa kitu ni cha bure unaanza kutafuta kilipofichwa. "Bure ni pilau ya msibani," dada alisema, "na hata hiyo lazima kwanza mtu afe." Alisema kwa utani, kisha tukatazamana, maana bila kukusudia alikuwa ameifikia katikati ya kile kifungu kuliko mimi niliyekifundisha wiki nzima. Mtu alikwisha kufa. Ndiyo maana hakuna bili.

Nikamwambia kinachonifanya niishike karatasi hii. Juni 25, 1530, alasiri, watawala na wajumbe walisimama mbele ya Kaizari Charles V mjini Augsburg wakisema wanachoamini. Aliyeiandika, Philip Melanchthon, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu ambaye hakuwahi kuwa padre. Luther mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amepigwa marufuku ya dola tangu 1521, akabaki katika ngome ya Coburg akitumiwa na kutuma barua. Waliotia sahihi hawakuwa maaskofu. Walikuwa walei: watawala kama John wa Saxony na Philip wa Hesse, na mabaraza ya miji miwili, Nuremberg na Reutlingen. Siku chache kabla, Kaizari alipotaka mahubiri yao yakome, mmoja wao, George wa Brandenburg, alimwambia kwamba ni afadhali apige magoti akatwe kichwa palepale kuliko kuikana injili. Kaizari alitaka ungamo lisomwe kwa Kilatini. Wao wakashikilia kwamba wako kwenye ardhi ya Wajerumani, basi lisomwe kwa Kijerumani. Christian Beyer alilisoma kwa muda wa saa mbili hivi, na inasimuliwa kwamba sauti yake ilifika hadi uani kwa watu waliokosa nafasi ndani. Bila spika. (Hapa ndipo darasa langu huwa linaamka.)

Ugomvi wao ulikuwa nini hasa? Ukiondoa siasa, na siasa ilikuwepo ya kutosha, ulikuwa juu ya herufi mbili: "na". Kristo na cheti cha msamaha. Kristo na idadi ya misa zilizolipiwa. Kristo na nadhiri. Kila mahali palipokuwa na hiyo "na", kulikuwa na mtu mwenye hofu upande mmoja wa meza na mtu mwenye kikapu upande wa pili. Kinachonishangaza katika kifungu cha 4 ni jinsi kilivyo cha kichungaji. Wale watu walirudia tena na tena kwamba mafundisho haya yapo kwa ajili ya dhamiri zilizoogopeshwa, ili zipate mahali pa kutulia. Dada yangu ni dhamiri iliyoogopeshwa. Ameambiwa kwamba kati yake na Mungu kuna deni, kwamba alikopa mtu mwingine kabla yeye hajazaliwa, na kwamba riba inalipwa kwa watoto. Ungamo halimpi mtoto. Linamwambia deni hilo halipo.

Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Moshi ni mji ambao Ulutheri una mizizi ya zaidi ya karne moja. Sijui kwa nini tukio lile tuliliacha liwe habari ya polisi na ya usalama wa viwanja peke yake. Ilikuwa habari ya kifungu cha 4 vilevile.

Dada hakuwa amemaliza. "Hiyo ni karatasi ya Wajerumani," alisema. "Hao hao waliotupiga viboko kwenye pamba. Hao hao walioliita jiwe letu Bismarck."

Hoja hiyo naichukulia kwa uzito kuliko wachungaji wengi ninaowasikia. Jiwe la Bismarck tunaliona kila tunapopita Kamanga, na jina halijaondoka. Ila historia ya upande wa pili wa ziwa, kwa bibi, haiendi moja kwa moja kutoka Berlin hadi kwetu. Wamisionari wa Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910, tayari kulikuwa na Wahaya walioipata imani ya Kiprotestanti kupitia Buganda, wakisomeshana wenyewe. Miaka michache baadaye Vita ya Kwanza ya Dunia ikawaondoa Wajerumani, na wenyeji, Andrea Kajerero akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakabaki na kanisa mikononi. Vita ya Pili ikawaondoa tena. Mara mbili wenye "karatasi yao" waliondoka, na karatasi ikabaki na watu wasio na sababu ya kumfurahisha Kaizari yeyote. Bibi ni mtoto wa kanisa hilo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa Juni 19, 1963 kwa kuunganisha makanisa 7, lililitaja Ungamo la Augsburg na Katekisimu Ndogo miongoni mwa misingi yake. Hakuna mkoloni aliyekuwepo kuwalazimisha. Bendera ilikuwa imeshashushwa.

Wangeweza kufanya vingine. Wabatak wa Sumatra, Indonesia, waliandika ungamo lao wenyewe mwaka 1951, wakasema mambo ya kwao kwa maneno ya kwao, na mwaka uliofuata Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani likawapokea nalo. Nawaonea wivu kidogo. Lakini kile cha 1530 chenyewe kina kifungu, cha 7, ambacho nadhani kingewashangaza wanaodai Ulutheri ni kuvaa joho na kuimba polepole. Kinasema kanisa lipo pale injili inapohubiriwa kwa usafi na sakramenti kutolewa ipasavyo, na kwamba kwa umoja wa kanisa hilo linatosha. Taratibu zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Baba mdogo aliwahi kugomba mwezi mzima kwa sababu kwaya ya vijana iliingiza ngoma ya Kisukuma ibadani. Alidai anatetea Ulutheri. Ulutheri wenyewe ulikuwa upande wa ngoma.

Halafu kuna mwaka 1977, ambao kwa maoni yangu ndio mwaka Ungamo lilipozungumza Kiswahili. Juni mwaka huo Fungamano lilifanya mkutano wake mkuu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkutano wa kwanza wa aina hiyo kufanyika Afrika. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, mzaliwa wa Kashenye, alichaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mbele ya wajumbe kulikuwa na suala la makanisa ya Kilutheri ya Wazungu kusini mwa Afrika, ambayo yalikuwa na Ungamo lilelile, yanalisoma kwa Kijerumani kizuri kuliko mtu yeyote ukumbini, na meza ya Bwana kwao ilitengwa kwa rangi. Ungeweza kusema ni siasa. Wakristo wanaruhusiwa kutofautiana katika siasa, na mkutano ulikubali hilo kwa kawaida. Lakini ukatamka kwamba hapa pamefika mahali pa kukiri: kanisa linaloamini linachodai kuamini lazima likatae ubaguzi huo waziwazi, hadharani. Mwaka 1984, Budapest, makanisa mawili yaliyokuwa yamekataa kufanya hivyo yalisimamishwa uanachama.

Nilimwambia dada: angalia, ni "na" ileile. Kristo na ngozi nyeupe. Kristo na laki saba.

Akaniuliza, "Na Kristo na bahasha?"

Alinipata. Kwa hiyo tuseme na hili. Kuna sharika za Kilutheri nchini ambako mtu aliyeshindwa kutimiza ahadi ya jengo anahesabiwa kama mdaiwa, na siku ya kumzika watu wanaulizana kwanza risiti ziko wapi. Kuna minada ya baada ya ibada ambayo kuku mmoja ananunuliwa mara nne huku ibada yenyewe imeshasahaulika. Ugomvi wetu mkubwa wa dayosisi, kama ule wa Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990, mara nyingi haukuwa juu ya kifungu chochote. Ulikuwa juu ya mipaka, mali na viti. Kifungu cha 28, kirefu kuliko vyote, kinasema mamlaka ya askofu ni ya Neno na si ya nguvu, na sijawahi kukisikia kikisomwa wakati wa ugomvi. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na ungamo la kale: halikuandikwa na kamati yetu ya fedha. Nabii wa dada yangu akibadilisha mafundisho kesho, hakuna karatasi ambayo muumini wake anaweza kumwonyesha na kusema, "Baba, mbona hapa umeandika hivi?" Sisi tunayo. Mtoto wa kidato cha pili kule darasani, akiielewa, anaweza kumwuliza askofu. Mara chache anauliza, nakubali.

Giza lilikuwa linaingia, dagaa tulizokuwa tunachambua zimeisha, paka wa jirani amejua. Dada alisimama. "Kwa hiyo hunipi?"

Nilimwambia nampa zote tatu, akitaka tuende Bugando, yeye na shemeji, wote wawili wapimwe. Alisema shemeji hataki kusikia habari ya kupimwa. Alichukua mkoba wake akashuka mlimani bila kuaga, na nilimwona akipita kwenye lile turubai bila kugeuka.

Wiki moja na nusu sikumsikia. Kisha ikaingia meseji, bila salamu: nimpigie picha ile namba 4 nimtumie. Nikampigia, alama za kalamu za watoto zikiwemo. Tiki mbili zikawa za bluu. Hakujibu, na sijui kama zile laki nne bado zilikuwa kwenye simu.

Kwa hesabu yangu ilikuwa siku ya 15 ya mfungo wake mama aliponipigia kutoka Nyakato. Alitaka kujua kama kuna mtu nimempa namba yake, kwa sababu amepigiwa na namba asiyoifahamu, akaitikia, mtu yule akanyamaza. Nilimwuliza kama alikata. Mama alisema hapana. Alikaa na simu sikioni, naye kimya, mpaka salio la yule mtu likaisha.